Masafa Yamefupika, Wajibu Haukufupika

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaitia njia ili waja wake wapate kuongoka, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Katika darsa zetu tumeulizwa mara nyingi, na ndugu zetu wafanyao biashara na wengine wenye watoto na jamaa huko bara, masuala matatu juu ya safari ya kwenda Kakamega kwa ndege. La kwanza: mtu aondokaye Mombasa asubuhi akawa Kakamega kabla ya Alasiri, hakupigwa na jua wala vumbi, wala hakuchoka, je, huyo ni msafiri wa kupunguza sala? La pili: sala yake huko angani na katika viwanja vya ndege aifanyeje? La tatu: akifika huko, asali na afuturu kwa saa zipi? Tumeona ni kheri kuyajibu masuala haya mahala pamoja, kwa kuwa ukiyatazama vyema shina lake ni moja, nalo ni hili: je, masafa yakifupika, wajibu wa mtu nao hufupika?

Natuanze kwa kuijua safari yenyewe, kwani hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo hilo. Baina ya Mombasa na Kakamega, kwa mstari ulionyooka angani, ni kiasi cha kilomita 720. Kwa barabara ipitayo Nairobi, masafa hupindukia kilomita 800. Asafiriye kwa ndege mara nyingi huruka mpaka Nairobi kwa muda wa saa moja hivi, akangoja huko, kisha akaruka tena mpaka Kisumu kwa muda usiofika saa moja, na kutoka Kisumu akapanda gari kiasi cha kilomita 50 mpaka Kakamega. Mji wa Kakamega nao una kiwanja chake kidogo cha ndege. Ukizihesabu saa za kuwa angani peke yake, hazitimii mbili.

Sasa fikiri, ewe ndugu, safari hiyo hiyo ilikuwaje kwa waliotutangulia. Wazee wetu wa pwani walikwenda huko kwa misafara ya miguu, wakapita nyika ya Taru isiyo na maji, wakapanda milima, mpaka wakafika katika nchi ya Wawanga, mahala palipoitwa Kwa Sundu kwa jina la Shiundu, babake Nabongo Mumia. Ndipo tupaitapo leo Mumias. Ukitaka kujua muda wake, basi itazame safari ya askofu wa Kiingereza James Hannington. Aliondoka pwani katika mwezi wa Julai 1885, akafika kwa Mumia katika mwezi wa Oktoba. Ni karibu miezi mitatu kwa mtu aliyekuwa na wapagazi na chakula na silaha. Kisha ikaja reli. Ilianzwa Mombasa katika mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899, na ikafika ziwani, hapo Kisumu, mwezi wa Disemba 1901; miezi ikawa siku. Na leo siku zimekuwa saa.

Jambo hili lisimshangaze mwenye kuisoma Kurani. Katika Suratun Nahl, Mwenyezi Mungu ametutajia neema ya wanyama wa kupanda, wanaotuchukulia mizigo yetu mpaka miji ambayo hatungeifikia ila kwa kutaabika nafsi zetu, akawataja farasi na nyumbu na punda, kisha akatujulisha kwamba yeye huumba na vitu ambavyo hatuvijui. Basi gari na reli na ndege ni katika hivyo tusivyovijua zamani na tunavyovijua leo. Ni neema, na kila neema ina hukumu zake na ina hesabu yake.

SUALA LA KWANZA. Wako watu husema: sala ilipunguzwa kwa ajili ya mashaka ya safari, na leo hapana mashaka, basi hapana kupunguza. Maneno haya yana sura ya hoja, lakini hayasimami. Aya ya Suratun Nisaa iliyoruhusu kupunguza sala imetaja khofu ya maadui. Ilipokuwa khofu imekwisha na watu wamepata amani, Yaala bin Umayya alimuuliza Sayyidna Omar juu ya jambo hili, naye akamjibu kuwa na yeye alistaajabu vivyo hivyo, akamuuliza Mtume, rehema na amani zimfikie, naye akamwambia kwamba hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu amewapa waja wake, basi na waipokee. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Muslim. Tazama basi: khofu iliondoka na ruhusa ikabaki. Vivyo hivyo uchovu ukiondoka ruhusa yabaki, kwa kuwa hukumu imefungwa kwa safari, haikufungwa kwa uchovu. Lau ingefungwa kwa uchovu, ingelikuwa mchukuzi wa bandarini apigaye magunia mchana kutwa apunguze sala akiwa mjini kwake, na tajiri aliyelala katika behewa asipunguze. Na hapana mwanachuoni asemaye hivi.

Na kipimo cha safari katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni masafa. Nayo ni marhala mbili, yaani maili za Kihashimu arubaini na nane, ambazo wanavyuoni wa zama hizi wamezikadiria kuwa kilomita themanini na kitu. Tena Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijria, sawa na 1277, amelieleza jambo hili katika Minhaj, kitabu kinachosomwa katika darsa za pwani tangu zama za mababu. Amesema kuwa bahari hukumu yake ni kama ya nchi kavu, na kwamba mtu akiyakata masafa hayo baharini kwa muda wa saa moja tu, hupunguza sala. Imamu huyu hakuona ndege wala hakuota kuiona, lakini alifahamu kuwa sheria imepima njia na haikupima mwendo. Upepo mzuri ukikipeleka chombo mbio, njia haikupungua hata shubiri moja. Basi na hewa ni kama bahari.

Kwa hivyo jawabu la suala la kwanza ni kuwa mtu wa Mombasa aendaye Kakamega kwa jambo la halali ni msafiri, na ana ruhusa ya kupunguza, kwani masafa yake ni zaidi ya mara nane ya masafa yanayotakiwa. Adhuhuri na Alasiri na Isha atazisali rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi kabisa. Na tena azichunge sharti zake. Asianze kupunguza mpaka ayapite majengo ya mji wake. Na kwa kuwa kiwanja cha ndege cha Mombasa kimo katika majengo yaliyoungana na mji, tuonavyo sisi ni kwamba akisali hapo kabla ya kuruka, asali kamili. Atie nia ya kupunguza anapohirimia sala. Akimfuata imamu asaliye kamili, naye akamilishe. Na akinuia kukaa Kakamega siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, basi safari yake imekatika tangu afikapo, na asali kama wenyeji.

Na hapa yatupasa kuonya upande wa pili. Mtu mkaazi wa Kakamega aendaye Mumias kusali Ijumaa akarudi, masafa yake ni kilomita thelathini na kitu. Na aendaye Kisumu sokoni akarudi, masafa yake ni kilomita 50. Na masafa ya kwenda hayajumlishwi na ya kurudi. Hawa wawili si wasafiri wa kupunguza, hata kama barabara ilikuwa mbaya, mvua imenyesha, na gari likawachelewesha tangu asubuhi mpaka jioni. Yule wa ndege aliyestarehe hupunguza, na huyu wa matatu aliyetaabika hapunguzi. Hapo ndipo ufahamu kuwa dini si ya kupimwa kwa viungo vinavyouma. Ni amri ya Mola, na ruhusa zake ni zawadi zake. Humpa amtakaye kwa njia aitakayo.

SUALA LA PILI. Sala angani. Jawabu lake ni jepesi kuliko watu wanavyodhani, na udhuru wake ni mdogo kuliko watu wanavyoutoa. Safari ya Mombasa mpaka Nairobi ni saa moja, na ya Nairobi mpaka Kisumu haifiki saa moja. Hapana wakati wa sala uwezao kumalizika wote katika muda huo kwa mtu aliyejipanga. Tena msafiri ameruhusiwa kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, akitanguliza au akichelewesha kwa sharti zake. Basi mtu akiondoka Mombasa wakati wa Adhuhuri umekwisha ingia, na aisali kamili kabla hajaondoka, au anuie kuichelewesha apate kuisali pamoja na Alasiri huko afikako. Alfajiri peke yake ndiyo isiyojumuishwa na sala yoyote, na mwenye kuruka kabla haijaingia, akakhofia jua kuchomoza kabla hajashuka, na asali humo humo ndani ya ndege. Akipata pa kusimama na kuelekea kibla, na afanye hivyo. Asipopata, na asali kama awezavyo kwa kuuheshimu wakati, kisha airudie atakaposhuka. Hivi ndivyo walivyosema wanavyuoni wetu wa Kishafii.

Lakini twasikitika kusema kwamba wengi wapotezao sala katika safari hizi hawazipotezi angani. Huzipoteza chini, katika kungoja. Mtu hukaa Nairobi saa mbili au tatu akingojea ndege ya Kisumu, mbele yake chai, mkononi simu, na wakati unapita yeye akiutazama. Ukimwuliza, hukwambia, "Mimi ni msafiri." Ajabu gani hii! Mpagazi wa zamani aliyekuwa na mzigo wa pembe kichwani, miguu imepasuka, maji yake ya kunywa ni ya kupimiwa kwa kibuyu, alipiga tayamamu mchangani akasali. Na huyu aliyepumzika katika kiti, maji ya mfereji yako hatua ishirini, ameshindwa. Mwenyezi Mungu amempa sadaka ya kupunguza rakaa nne kuwa mbili, naye amezipunguza mpaka zikawa si kitu.

SUALA LA TATU. Saa za huko. Suala hili ndilo linaloharibu ibada za watu wengi bila ya wao kujua, kwa hivyo twaomba lisomwe kwa makini. Mombasa na Kakamega zina saa moja ya ukutani, kwani Kenya yote yafuata saa moja ya serikali. Lakini jua halina serikali. Kakamega iko magharibi ya Mombasa kwa karibu digrii tano za longitudo, na jua huikata kila digrii moja kwa dakika nne. Basi jua huchwa Kakamega baada ya kuchwa Mombasa kwa kiasi cha dakika 20, zikizidi au zikipungua kidogo kwa majira ya mwaka. Mathalan mwishoni mwa mwezi wa Machi, jua likichwa Mombasa kama saa kumi na mbili na nusu, huko Kakamega halichwi mpaka karibu saa moja kasoro dakika kumi.

Sasa mtazame mtu aliyetoka pwani katika mwezi wa Ramadhani, mfukoni ana karatasi ya nyakati iliyopigwa chapa Mombasa. Kakamega yuko kwa jamaa zake, saa yake yasema wakati umefika, anakula tende na jua lingali juu ya miti! Siku hiyo hana saumu, na itampasa ailipe pindi ajuapo. Na aisaliye Alfajiri kwa karatasi hiyo hiyo huisali kabla ya wakati wake, na sala ya kabla ya wakati si sala. Wala jambo hili si la karatasi tu. Nairobi nayo iko mashariki ya Kakamega, na jua la Nairobi hutangulia kwa kiasi cha dakika nane. Basi mwenye kufuturu Kakamega kwa adhana ya Nairobi aisikiayo katika redio au katika televisheni, naye amekula kabla ya wakati. Dakika nane ni chache katika gumzo, lakini mfungaji hata akila kwa makusudi kabla ya wakati kwa dakika moja, saumu yake imevunjika. Na mtu wa Kakamega ajaye Mombasa kwa hesabu ya kwao, hatari yake ni upande wa pili: huendelea kula daku na alfajiri ya Mombasa imekwisha ingia.

Na aliye angani hukumu yake ni kwa jua alionalo yeye. Mfungaji akiwa juu ya mawingu, akiliona jua, asifuturu hata akiambiwa kuwa mji ulio chini yake umekwisha futuru. Ndege iendayo magharibi humfuata jua na kumrefushia abiria mchana wake kidogo. Lakini hailipati, kwani katika ikweta, ambayo Kakamega iko karibu nayo sana, jua hupita juu ya ardhi kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa, na ndege za abiria tuzipandazo hazifiki mwendo huo. Basi asubiri, Magharibi itamfikia popote alipo.

Na kama zilivyo saa, ndivyo kilivyo kibla. Mombasa na Makka tukufu zinakaribia kuwa katika mstari mmoja wa longitudo, na kwa sababu hiyo kibla cha Mombasa ni kaskazini takribani barabara. Mtu wa Mombasa amezoea hivyo tangu utotoni. Lakini Kakamega iko upande wa magharibi wa mstari huo, na kibla chake huelekea mashariki ya kaskazini kwa kiasi cha digrii 13. Basi mgeni asiwe na haraka ya kuwasahihisha wenyeji katika msikiti wao kwa kipimo alichokuja nacho kutoka kwao. Na amwulize imamu wa hapo. Kwani ugeni ni unyonge, na kuuliza si aibu.

Haya ndiyo majibu ya masuala matatu. Na kutoka katika neno hili la mwisho, la mgeni wa pwani na wenyeji wa bara, twaingia katika jambo ambalo hatukuulizwa, nalo kwetu sisi ndilo kubwa kuliko yote.

Katika Suratu Sabaa Mwenyezi Mungu ametupa habari mbili zilizoandamana, na zote mbili ni za masafa. Ya kwanza ni ya Nabii Suleiman, aliyefanyiwa upepo umtumikie, mwendo wake wa asubuhi ni mwendo wa mwezi, na mwendo wake wa jioni ni mwendo wa mwezi. Akaamrishwa yeye na jamaa ya Daudi wafanye amali kwa kushukuru. Ya pili ni ya watu wa Sabaa, waliowekewa miji iliyo dhahiri njiani, karibu karibu, wakaamrishwa wasafiri humo usiku na mchana kwa amani. Lakini hawakuishukuru neema ya ukaribu; waliomba masafa yao yafanywe marefu, wakazidhulumu nafsi zao, na Mola akawatawanya kabisa wakawa masimulizi katika vinywa vya watu.

Tafakari, ewe Muislamu. Neema ni moja: kukaribishiwa masafa. Mmoja ameishukuru akabaki na utukufu wake, na wengine wameikufuru wakatawanyika. Na sisi leo tumepewa upepo unaokata mwendo wa miezi mitatu kwa muda usiofika saa mbili. Je, tumo katika njia ya Suleiman au tumo katika njia ya Sabaa?

Wazee wetu walipofika kwa Wawanga kwa miguu yao, walikuwa wafanyabiashara, si malaika. Na katika biashara zao yalikuwamo mema na maovu. Lakini palipokuwa na mwema miongoni mwao, alisali mbele ya watu, akakaa nao, akaoa kwao, akafundisha watoto alifu. Kwa sababu hiyo Uislamu uliingia mpaka katika nyumba ya ufalme wa Wanga, katika zama za Nabongo Mumia aliyetawala tangu 1882 na kufariki mwaka wa 1949. Mpaka leo Mumias ni mji ujulikanao kwa Waislamu wake na misikiti yake. Jambo hilo lilifanywa na watu ambao barua yao moja ilichukua miezi kufika.

Tena watazame na wengine. Katika mwaka wa 1902, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika ziwani, wamisionari wa Kiquaker walitoka Marekani, wakavuka bahari mbili tatu, wakapanda gari la moshi mpaka Kisumu, wakenda kwa miguu mpaka Kaimosi, karibu na Kakamega, wakakaa. Wakajenga shule na hospitali. Hatuwataji kwa kuwatukana wala kwa kuwahusudu. Twawataja kwa kuwa mwenye akili hujifunza hata kwa jirani yake. Wao masafa yao yalikuwa maelfu ya kilomita, na ya mtu wa pwani ni kilomita 720. Nani aliyekuwa na udhuru zaidi wa kusema "mbali"?

Na leo watu wa pwani huenda Kakamega kila wiki. Huenda kwa biashara ya nguo na vyakula, huenda kwa kazi za serikali, huenda kwa harusi na matanga. Hushuka Kisumu, hupanda gari, hufanya shughuli, hurudi. Wangapi kati yao hupita msikitini wakawasalimu wenyeji baada ya sala? Wangapi hupita chuoni wakamwuliza mwalimu ana watoto wangapi na misahafu mingapi? Twasikia watu wakilipia nauli za ndege za jamaa kumi na watano kwenda kula biriani ya siku moja, na katika mji huo huo mwalimu wa chuo hana hata ubao wa kuandikia. Nauli ya mmoja katika hao kumi na watano ingelimtosha. Hatusemi karamu ni haramu. Twasema tu kuwa mwenye kumpandisha ndege mlaji, na asishindwe kumpandisha ndege mwalimu.

Na liko jambo baya zaidi kuliko kusahau, nalo ni kiburi. Wako katika sisi watu wa pwani wanaomwona Muislamu wa Kakamega kuwa ni Muislamu wa jana, na ilimu yake ni ya kuazima, kwa kuwa jina la babu yake si la Kiarabu na matamshi yake si ya Kimvita. Ndugu zetu, hii ni jahili iliyovaa kanzu. Bilal asili yake ilikuwa Uhabeshi na Salman alitoka Uajemi, na umbali wa asili zao haukuwapunguzia kitu mbele ya Mtume. Ndege imeyaondoa masafa ya ardhini; masafa ya moyoni hayaondolewi na ndege. Hayo huondolewa na mtu mwenyewe, kwa ulimi wake na kwa mkono wake.

Imo katika Sahihi ya Muslim hadithi ya mtu aliyetoka kwenda kumzuru ndugu yake katika kijiji kingine. Mwenyezi Mungu akamwekea malaika njiani, akamwuliza aendako, na kama ana neema yoyote anayoifuatia kwa ndugu huyo. Akajibu kuwa hana, ila ampenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Malaika akamjulisha kuwa yeye ni mjumbe aliyetumwa kumpa habari kwamba Mwenyezi Mungu naye ampenda kama alivyompenda ndugu yake. Hadithi hii haikutaja kijiji hicho kilikuwa mbali kiasi gani, wala mtu huyo alikwenda kwa ngamia au kwa miguu. Lililotajwa ni nia iliyomtoa nyumbani.

Basi, ndugu zetu wa pwani, atakayesafiri kwenda Kakamega baada ya kuyasoma haya, na achukue pamoja naye mambo manne. Achukue ruhusa ya Mola wake, apunguze sala wala asiipoteze. Aiweke kando karatasi ya nyakati za kwao, aulize nyakati za huko. Asirudi mpaka amesali jamaa katika msikiti wa wenyeji angaa sala moja, akawajua kwa majina. Na katika mzigo wake, baina ya nguo na zawadi, awe na kitu kimoja kwa ajili ya chuo: juzuu, au ubao, au kitabu cha fiqhi. Kilo moja haitamzidishia nauli, na huenda ikawa ndiyo nzito kuliko yote katika mizani ya Kiyama.

Na ambaye hasafiri, naye hana udhuru. Na amwulize yule anayesafiri, ampe amana aipeleke.

Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kuwa safari ni kipande cha adhabu, humnyima mtu usingizi wake na chakula chake na kinywaji chake, na kwamba akimaliza haja yake na afanye haraka kurudi kwa watu wake. Leo adhabu hiyo imepunguzwa sana. Lakini iko safari moja ambayo hapana ndege iliyoifupisha, nayo ni ile ya kutoka duniani kwenda akhera. Haina kituo cha kungojea wala tikiti ya kurudi. Huko tutaulizwa juu ya kila neema, na katika neema hizo tutaulizwa juu ya saa mbili hizi zilizotosha kutufikisha kwa ndugu zetu, tulizitumia kwa lipi.

Ewe Mola wetu, tukaribishie yaliyo mbali, utufanyie wepesi yaliyo mazito, uziunganishe nyoyo za Waislamu wa pwani na wa bara kama ulivyoziunganisha njia zao, wala usitujaalie kuwa masimulizi kama ulivyowajaalia watu wa Sabaa. Amin.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.